Gari la Baba Shamimu limelala gereji

Kikundi: MAJIRANI BOMBO (Uganda)

JUMATATU JIONI

Hajati Zaitun: Asalamu alaikum majirani. Nakumbusha: Jumamosi tunampeleka bibi harusi wetu Arua. Tunatoka saa 10 alfajiri, siyo saa 10 ya Bombo. Magari ni matatu, la Afande, la Grace na la Baba Shamimu. Kila abiria 40,000 za mafuta, apewe Mama Shamimu.

Swaleh: Hajati, la Baba Shamimu litoe kwenye hesabu. Jana nimepita pale nimekuta kuku ametaga kwenye nafasi linapoegeshwa.

Mama Shamimu: Swaleh, acha mambo ya nyumba za watu.

Mama Shamimu: Lakini ni kweli. Mayai manne.

Hajati Zaitun: Baba Shamimu?

Baba Shamimu: Waalaikum salaam Hajati. Unisamehe, nilikuwa naona aibu kusema. Gari liko gereji ya walewale walioniuzia, leo siku ya 16. Kila nikipiga simu naambiwa "kesho, mwalimu".

Grace: Bambi! Si hata miezi sita haijafika tangu utulishe pilau ya gari?

Baba Shamimu: Mitano. Lilianza kunisumbua pale kwenye mwinuko wa Kawanda. Nakanyaga mafuta, injini inalia, mshale unapanda mpaka 4,000, lakini gari lenyewe linatambaa kama limefungiwa ng'ombe nyuma. Nikiwa kwenye jamu, kila likianza kuondoka linatetemeka. Siku moja lilitetemeka hadi chai ya Mama Shamimu ikamwagika.

Mama Shamimu: Kwenye gauni langu jipya la gomesi. Muwe mnasema yote.

Baba Shamimu: Sasa wanasema giaboksi imekufa. Nilipe milioni 6 wafunge nyingine ya mtumba. Waranti yao ya miezi sita eti haihusiki, kwa sababu dereva ameliendesha vibaya.

Grace: Ameliendesha vibaya nani? Huyu Baba Shamimu anayepitwa na baiskeli za matoke?

Swaleh: 😂😂😂

Hajati Zaitun: Ni kampuni gani hiyo tuijue?

Baba Shamimu: Jina nisiliandike humu Hajati. Kikundi kina watu 140 na screenshot zina miguu. Ni bondi moja ya kuuza magari kule Kampala, imetosha.

Swaleh: Mzee ungenunua Subaru. Subaru ikipita hata mbwa wanasimama.

Afande: Swaleh, hiyo Subaru unayoisifia ukiinunua ya zamani ile ya injini ya EJ, swali la kwanza ni taimingi belti ilibadilishwa lini. Inataka kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ikikatika ukiwa barabarani, pistoni zinakutana na valvu na unarudi nyumbani na boda. Zilizokuja baadaye na injini ya FB zinatumia cheni. Kwa hiyo usiseme "Subaru" tu, sema ipi.

Swaleh: Ndiyo afande 🫡

Afande: Baba Shamimu, majibu mafupi. Gari gani, mwaka gani, kilomita ngapi.

Baba Shamimu: Toyota Premio, 2012, dashbodi inasema 87,000.

Afande: Inasema.

Nuru: Samahani niingilie. Mimi niko kwenye bondi, siyo hiyo anayoisema Baba Shamimu, msianze kunipigia. Wateja wanatununia kwa kilomita lakini hawaulizi karatasi. Gari lililopita mnadani Japani lina karatasi ya mnada: kuna alama, 4, 4.5, 3.5, na likiandikwa R au RA ujue liligongwa likatengenezwa. Kilomita zimeandikwa humo pia. Tena kuna cheti cha UNBS, shirika letu la viwango, cha ukaguzi unaofanywa hukohuko kabla halijapanda meli. Linganisha hizo mbili na dashbodi. Kwa mwezi sipati hata mteja mmoja anayeniomba hizo karatasi. Wanauliza rangi.

Mama Shamimu: Sisi tuliuliza rangi.

Grace: Mimi kavitz kangu kana miaka 9 mikononi mwangu, sijui hata giaboksi iko upande gani. Shida ni redio tu. Ya Kijapani, masafa yanaishia 90. Napata vituo viwili na kimoja ni mahubiri usiku kucha.

Mama Shamimu: La kwetu lina yule mama wa Kijapani. Kila asubuhi ukiwasha anatusalimia kwa sauti nzuri.

Rama Spea: Hasalimii mama 😂 Anasema kadi ya ETC haijawekwa. Ni kadi ya kulipia barabara za kwao.

Mama Shamimu: Miezi mitano namjibu "na wewe pia, siku njema".

Hajati Zaitun: Jamani. Arua.

Rama Spea: Hajati dakika moja. Nilikuwa Kisekka, soko la spea, na mteja, ndiyo nimesoma sasa. Baba Shamimu, kabla hujatoa hata shilingi: sevisi ya mwisho ilifanywa wapi, na kwenye giaboksi waliweka nini?

Baba Shamimu: Kwao. Walisema nisipofanyia kwao waranti inakufa. Waliweka nini mimi nitajuaje, mimi nafundisha jiografia.

Rama Spea: Risiti unayo?

Mama Shamimu: Risiti zote ninazo mimi, kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ngojeni.

Mama Shamimu: (picha)

Rama Spea: Naisoma. Oili ya injini lita 4. Filta ya oili. Filta ya hewa. "ATF giaboksi lita 4." Muhuri wao upo, na tarehe ipo.

Rama Spea: Weeee.

Afande: Nimeiona.

Swaleh: Mmeona nini? Sisi wa boda mtueleze.

Rama Spea: Premio za umbo lile, kuanzia 2007, giaboksi yake ni CVT. Haina gia za meno zinazopokezana kama zile za zamani. Ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zinabana na kuachia ndipo gari linaongeza mwendo. Mkanda ukamate puli bila kuteleza, hiyo ni kazi ya oili yake maalumu, CVTF. Kwa Toyota dumu linaandikwa CVT Fluid TC au FE, kwa Nissan utaona NS-2 au NS-3. ATF ni ya otomatiki ya kawaida. Ukiimimina kwenye CVT mkanda unateleza: injini inazunguka, matairi hayapati kitu. Ndiyo hiyo Kawanda yako.

Swaleh: Yaani ni kama kupaka mafuta ya taa kwenye breki.

Rama Spea: Umekosea lakini umeelewa.

Baba Shamimu: Kwa hiyo wakitoa hiyo wakaweka ya kwake, gari limepona?

Rama Spea: Sitakudanganya. Kama ilikaa humo siku chache, ndiyo. Kwa miezi ya Kawanda na Matugga, mkanda huenda umeshakwaruza puli. Hapo hata ukimwaga asali ndani haisaidii. Lakini swali la nani alipe limebadilika.

Afande: Sikiliza mwalimu. Kesho usiende peke yako, naja. Kwanza, gari kuna kibati, mengine kiko kwenye nguzo ya mlango, mengine chini ya boneti. Tafuta mstari ulioandikwa TRANS/AXLE upige picha. Kwa Toyota herufi ya kwanza ikiwa K ni CVT, ikiwa U au A ni otomatiki ya kawaida. Wasije wakatuambia haikuwa CVT. Pili, oili imwagwe mbele yetu, na tubaki na chupa moja. Tatu, hakuna kupiga kelele. Mtu mwenye risiti hapigi kelele.

Mama Shamimu: Risiti ya mwenyewe inabaki kwenye kopo. Chukueni kopi.

Afande: Mama Shamimu ungekuwa jeshini ungekuwa mbali sana.

JUMANNE

Baba Shamimu: (picha) Kibati hiki. Kilikuwa na vumbi, nimefuta kwa mate.

Rama Spea: K31, tarakimu ya mwisho imejificha, haina neno. K. Mungu mkubwa.

Hajati Zaitun: Mmefikia wapi?

Grace: Jamani toeni habari, niko zamu nasoma chini ya meza.

Baba Shamimu: Tuko kwenye benchi la wateja. Meneja "anakuja".

Baba Shamimu: Bado anakuja.

Swaleh: Nilete maharage?

JUMANNE JIONI

Baba Shamimu: Tumerudi. Naandika polepole, mikono bado inatetemeka.

Baba Shamimu: Meneja alianza na wimbo wa dereva. Nikamwachia amalize. Nikamuuliza, masharti ya waranti yanasema sevisi ifanywe wapi? Akasema kwetu tu, ndiyo maana tunawaambia wateja msipeleke kwa mafundi wa chini ya mti. Nikatoa kopi. Nikamwambia hii ni kwenu, huu ni muhuri wenu, na hapa mmeandika ATF.

Grace: Nipo.

Baba Shamimu: Akaisoma. Akaigeuza nyuma, kama vile nyuma kuna jibu lingine. Akaita kijana wa gereji. Kijana wa watu, hata miaka 20 sidhani, akasema bila wasiwasi, "Boss, si ndiyo dumu tunaloweka kwa magari yote?"

Swaleh: KWA YOTE 💀

Nuru: Haki ya Mungu kesho naanza kuangalia madumu yetu.

Afande: Yule kijana sina ugomvi naye. Hakuna aliyemfundisha, na dumu alipewa. Tukaomba oili imwagwe. Ilitoka nyeusi, inanuka kuungua. Ile sumaku ya chini ya sampo, lile beseni la oili, imeota ndevu za chuma. Nikapaka kidole nikamwonyesha meneja juani, inametameta kama vipodozi vya bibi harusi.

Hajati Zaitun: Bibi harusi muacheni.

Rama Spea: Ndevu za namna hiyo ni mkanda na puli vimekulana. Imekwisha hiyo. Chupa mnayo?

Afande: Ya maji ya kunywa, iko kwangu. Imeandikwa "USINYWE", wajukuu.

Baba Shamimu: Mwisho wamekubali. Watafunga giaboksi nyingine kwa gharama zao, na oili ya CVT. Nikasema andikeni. Wakaandika barua nzuri yenye nembo. Naiweka mfukoni, Afande akaniambia soma tena. Haikuwa na tarehe ya kumaliza. Tumekaa saa nzima nyingine kwa ajili ya tarehe. Wameandika ndani ya siku 14, na sahihi.

Rama Spea: Waranti ya hiyo giaboksi mpya je? Ya mtumba nayo inakufa.

Baba Shamimu: Miezi mitatu. Nilitaka sita.

Rama Spea: Chukua. Ila siku ya kufunga niite, nije na dumu langu nimwage mwenyewe. Na usiwaruhusu wakwambie imejaa kwa macho. Hizo nyingi hazina kijiti cha kupimia, kipimo kinachukuliwa oili ikiwa imepata joto lake.

Mama Shamimu: Hiyo barua inakuja kwenye kopo leo leo.

Nuru: Baba Shamimu, pole. Na ahsante kwa kutotaja jina, maana watu wangeanza kusema ni bondi zote.

Grace: Nuru nakupenda lakini "dumu kwa magari yote" siyo la mtu mmoja.

Nuru: Ndiyo. Ndiyo maana sijabisha.

Hajati Zaitun: Alhamdulillahi. Sasa siku 14 kutoka leo siyo Jumamosi. Nina watu 13 na magari mawili.

Swaleh: Mjomba ana teksi, lile basi dogo, ya kwenda Luweero. Kwa 450,000 pamoja na mafuta anakwenda Arua na kurudi Jumapili.

Afande: Matairi?

Swaleh: Mawili mapya.

Afande: Na mawili mengine?

Swaleh: Mawili mengine yana uzoefu.

Afande: Ailete Alhamisi niikague. Nataka nione breki, spea tairi na jeki. Baada ya Karuma sitaki kusimama na wazee kando ya barabara, wale nyani hawaheshimu sherehe.

Hajati Zaitun: Itakaguliwa. Baba Shamimu na mkeo?

Grace: Wanakaa kwangu kwenye Vitz. Mwalimu nyuma na sufuria, Mama Shamimu mbele.

Mama Shamimu: Naja na chai.

Grace: Njoo. Ila anayekaa mbele anaimba mpaka Pakwach, redio yangu mnaijua.