Naomba ushauri: madirisha ya nyumba kwenye baridi na unyevu

Habari zenu wakuu. Nyumba yetu iko sehemu yenye baridi na unyevu, na madirisha ni ya alumini yenye kioo kimoja. Kila asubuhi vioo vinatiririka maji kwa ndani, yanatuama chini ya fremu, na kwenye kona za ukuta ukungu mweusi umeshaanza kuota. Chumba cha watoto ndicho kinachoniumiza roho zaidi, maana mdogo anasumbuliwa na kifua.

Najua mvuke wa pumzi, wa jikoni na wa nguo tunazoanika ndani ukigusa kioo cha baridi unageuka maji. Alumini nayo inapitisha baridi haraka, ndiyo maana hata fremu inalowa. Nimeshauriwa nifunge vioo viwili vyenye nafasi ya milimita 12 hadi 16 katikati, kwa fremu ya plastiki au mbao. Mbao naipenda kwa kweli, ila isipopakwa rangi au vanishi mara kwa mara inavimba na kuoza pale chini. Plastiki haiozi, lakini mpira ukichakaa au vitundu vya kutolea maji vikiziba, tabu inarudi palepale.

Mliotumia aina hizi, ipi imewadumu? Nikibadilisha madirisha bila kuweka matundu ya hewa, ukungu hautazidi kusambaa ukutani? Na povu analojaza fundi pembeni mwa fremu linatosha, au silikoni ya nje ni lazima?