Grini skrini inaacha ukijani kwenye nywele, na mlima unaonekana wa kubandika

mangi_wa_klipu (Moshi)
Wakuu habari za saa hizi. Nina kazi ya dogo mmoja anaimba injili hapa Moshi, anataka Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ionekane nyuma yake, na mnajua masika haya mlima unajifunika wiki nzima, kwaio nikamshuti ndani mbele ya kitambaa cha kijani af nikaweka mlima niliowahi kuurekodi asubuhi moja. Sasa ana afro, nikikata nywele zinabaki na ukijani pembeni, zingine zinaliwa kabisa, na hata palipokatika vizuri bado anaonekana kabandikwa na gundi. Natumia DaVinci Resolve ya bure. Shida ni softiwea au?

ChaliiWaSakina
Mangi softiwea haina shida, hiyo ya bure inatosha sana. Alisimama umbali gani na kitambaa? Akikisogelea ule ukijani unamrudia mgongoni na kwenye nywele, mlete mbele mita mbili tatu hivi. Laiti za kitambaa ziwe za kitambaa, zimulike sawasawa kona zote, za msanii ziwe zake. Na kisiwe satini, inameta, chukua pamba isiyong'aa na uipige pasi. Af kamera nyingi tunazotumia mtaani zinarekodi 4:2:0, yani mwanga unahifadhiwa wote ila rangi ni robo tu ya pikseli, na keya (ile tuli ya softiwea inayofuta kijani) inakata kwa kufuata rangi, sasa kwenye unywele mmoja mmoja unategemea nini? Shuti 4K, kata humohumo, ndo ushushe 1080 mwishoni. Keya ya mwili iwe kali, ya nywele weka nyingine laini, uzitenganishe kwa maski, yani mipaka unayochora juu ya picha.

dada_wa_taimulaini
Nakazia hapo kwa chalii, ila hiyo ya kubandikwa ni jua. Umesema mlima ni wa asubuhi. Ukiwa Moshi ukiutazama mlima uko kaskazini, jua la asubuhi linatokea kulia kwako, sasa angalia theluji imepigwa mwanga upande gani af angalia uso wa dogo. Kama laiti kubwa uliiweka kushoto, hata ukate vizuri vipi jicho linakataa tu, mtazamaji hajui kwanini ila anahisi kuna kauongo. Lenzi nayo, mlima wa mita 5,895 ukiushuti na lenzi pana unakuwa kichuguu, halafu dogo ukimshuti na lenzi ya kuvuta kama milimita 85 havilingani! Na kitu cha mbali kinakuwa na ububluu fulani, sehemu zake za giza zimefifia, vivuli vya dogo lazima viwe vizito zaidi.

mzee_wa_fremu
Af asivae jezi ya Yanga 😂 tumbo litatoboka tuone theluji. Akilazimisha kijani tumia kitambaa cha bluu. Kijani kinapendwa kwa vile sensa nyingi zina pikseli za kijani mara mbili ya nyekundu au bluu, ndo rangi inayotoka safi.

Kibosho_juu
Kitambaa cha nini kwani? Weka stendi nje, mshuti dogo na mawingu yake hivyohivyo, piga vigingi miguu ya stendi ilipokaa, andika lenzi na urefu wa kamera. Asubuhi mlima ukifunguka rudi, fremu ileile. Kwenye kuediti unachora maski kufuata migomba, chini anabaki dogo, juu unaweka Kibo. Masharti ni mawili, kamera isitingishike na kichwa kisivuke mstari wa migomba, kikivuka utachora fremu kwa fremu na sekunde moja ni fremu 25, utakoma.

mangi_wa_klipu (Moshi)
Asanteni sana wakuu, laiti ilikuwa kushoto kweli 🙈 Njia ya Kibosho naipenda kwa shoti pana. Klozapu je?

dada_wa_taimulaini
Klozapu mlima wa nini kaka, fungua tundu la lenzi, nyuma yake pafifie, migomba inatosha.

mangi_wa_klipu (Moshi)
Dada huyu kalipia mlima 😂

dada_wa_taimulaini
Haya basi klozapu rudia kwenye kitambaa, laiti kulia, na mlima uufifishe kidogo kama lenzi ingeufanya yenyewe. Ukiuacha mkali tutajua.