Mtoto ana mzio wa maziwa, na Desemba tunakwenda Moshi kwa bibi yake

Mama Kitindamimba
Habari zenu. Mwanangu ana mwaka na miezi minne. Akiwa na miezi saba nilimkorogea uji kwa maziwa ya ng'ombe. Kijiko cha tatu hakijafika, mdomo umevimba, vipele vimetoka mpaka nyuma ya masikio, akatapika. Alipopimwa wakasema ni mzio wa protini ya maziwa, asiguse kabisa. Hapa Dar tumeshazoea. Kinachonitisha ni Moshi. Mama mkwe ana ng'ombe wawili bandani na kibuyu cha mgando hakikauki. Pasaka alimlambisha kidole mimi nikiwa bafuni, "kidogo tu, azoee", shavu zima likaumuka. Usiku ule sikulala. Sasa amenunua mbuzi! Anasema ya mbuzi hayana neno. Kweli? Na nimwambieje asidhani nadharau maziwa ya kwao?

Bwana Ukwaju
Wangu alikuwa anaharisha akinywa maziwa. Nikampa ya mbuzi kidogo kidogo, tumbo likakubali. Jaribu.

Nesi wa Zamu
Ukwaju, hapana, asijaribu. Wako pengine tumbo ndilo lililosumbua. Huyu anavimba, ni kinga ya mwili inayoishambulia protini, na protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe. Wengi wanaodhurika na haya wanadhurika na yale. Kuyachemsha au kuyagandisha hakumfanyi awe salama. Mama, kabla ya safari rudi kwa daktari mwandikiwe la kufanya ikitokea dharura. Akianza kukohoa mfululizo, kupumua kwa shida, kuvimba ulimi au kulegea, ni hospitali muda huohuo. Dawa ya vipele haitoshi hapo. Kama ana sindano ya adrenalini, ile ya dharura ya mzio mkali, ikae mkobani mwako, si kwenye buti la basi. Wengi hupona wakikua, lakini kumjaribisha tena ni kazi ya daktari, si ya bibi.

Mchagga wa Ugenini
Shoga, ukimkataza umeanza vita. Mpe kazi. Mimi nilimwambia mkwe wangu, "Mama, chakula cha huyu nakuachia wewe, mtu mwingine asimlishe." Basi hata wifi zangu walifukuzwa jikoni! Nilikwenda na sufuria na mwiko wa mtoto, nikafunga kitambaa chekundu kwenye mpini, maana mwiko uliotoka kwenye maziwa ndio unaoponza. Mtori wake wa ndizi na nyama ulipikwa bila maziwa wala siagi, ukalainishwa kwa parachichi la palepale shambani. Biskuti za wageni ndizo za kuogopa, pamoja na mkate laini na majarini. Ukiona "whey" au "casein" kwenye pakiti, hayo ni maziwa.

Mama Kitindamimba
Asanteni, nyama ya ng'ombe anakula bila shida kwa hiyo mtori umenifaa. Jana nimempigia. Nimemweleza ya mbuzi, nikamkabidhi cheo cha mpishi mkuu. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha: "Sasa huyu mbuzi nimpeleke wapi?" Nikamwambia si tumle Krismasi. Akacheka, akasema ana mimba, tungoje.