Naomba ushauri: hewa ya moto kwenye injini ya IST, mwisho nyuzi ngapi?

Wakuu habari za kazi. Nipo Njombe, natumia Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, lita 1.5. Baridi ya huku mwezi wa saba mnaijua. Fundi ananishawishi tugeuze mdomo wa bomba la hewa uelekee kwenye eksozi, injini ivute hewa ya moto. Anasema hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo throto (mlango wa hewa ya injini) inafunguka zaidi kwa mwendo uleule, injini haihangaiki kuvuta, na petroli inapungua kidogo.

Hoja naielewa. Hata magari ya kabureta ya zamani yalikuja na mfumo huo, ila yalikuwa na kifuniko kinachorudisha hewa ya baridi injini ikishachemka. Hicho kifuniko fundi hakitaji kabisa!

Ninachoogopa ni injini kugonga. Hii ina mgandamizo wa 10.5 kwa 1. Hewa ikizidi moto, petroli inajiwakia yenyewe, kompyuta inachelewesha moto wa plagi, nguvu inashuka na hiyo nafuu inaliwa. Sasa nipande mlima Kitonga na mzigo, jua la mchana, halafu navuta hewa iliyopashwa na eksozi?

Nimewaza nisivuke nyuzi 50 gari ikiwa kwenye mwendo, na ikigusa 60 natoa bomba. Waliowahi kufunga, nyie mliishia ngapi? Na sensa ya hewa inavumilia, au nitafute kifuniko kwanza?