Dari ya kuning'iniza: chumba cha mita 7.4 kwa 5.2 kinahitaji bodi na fito ngapi?

Mtunza Hazina, Morogoro

Ndugu mafundi na wakadiriaji, naombeni msaada wenu. Chama chetu kidogo cha akiba na mikopo kimepata chumba cha mikutano chenye urefu wa mita 7.4 na upana wa mita 5.2. Tumekubaliana kuweka dari ya kuning'iniza, ile ya bodi za sentimita 60 kwa 60 zinazokalia fremu ya chuma, ili nyaya za umeme zilizo juu zifikiwe bila kuvunja kitu. Mimi ndiye mtunza hazina, na kila shilingi itakayotumika nitaitolea maelezo mbele ya wanachama.

Nilizidisha urefu kwa upana nikapata mita za mraba 38.48, nikagawa kwa 0.36 ambalo ndilo eneo la bodi moja, nikapata bodi 107. Fundi wa kwanza aliafiki idadi hiyo. Wa pili, ambaye alizunguka chumba na futi kamba kwa muda mrefu kabla ya kusema neno, anataka bodi 117 na hakunieleza sababu. Je, anajiongezea, au mimi ndiye niliyekosea? Ningependa pia kujua fito zinahesabiwaje, kwa sababu makadirio niliyoletewa yameandika tu "fremu kamili", na maneno hayo siwezi kuyapeleka kwenye mkutano.

Fundi wa Dari, Dar es Salaam

Ndugu Mtunza Hazina, fundi wako wa pili yuko sahihi, na unastahili kuelezwa kwa nini. Kugawa eneo kwa eneo kungetosha kama vipande vinavyobaki vingeweza kuunganishwa tena vikawa bodi nzima, jambo ambalo haliwezekani. Dari huhesabiwa kwa safu.

Chukua urefu wa mita 7.4. Ukianza na bodi nzima ukutani, bodi 12 zitachukua mita 7.2 na upande wa pili utabaki ukanda wa sentimita 20, ambao kila anayeingia chumbani atauona. Ukigawa sentimita hizo 20 pande mbili, utapata vipande vya sentimita 10, navyo ni vibaya zaidi. Kwa hiyo tunapunguza safu moja: bodi nzima 11 huchukua mita 6.6, zinabaki sentimita 80, na kila upande unapata ukanda wa sentimita 40. Kwenye upana, bodi nzima 7 huchukua mita 4.2, inabaki mita moja, na kila upande unapata sentimita 50. Sasa una safu 13 kwa 9, yaani bodi 117. Katika hizo, 77 ni nzima na 40 ni za kukatwa. Kwa kuwa kila kipande cha pembeni kinazidi nusu ya bodi, bodi moja haiwezi kutoa vipande viwili. Hapo ndipo zilipo bodi 10 zilizokusumbua.

Tuje kwenye fito. Engo ya ukutani, yaani fito ya pembe inayobeba kingo za dari, inazunguka chumba, mita 25.2, na huuzwa kwa mita 3. Nimeipangia vipande vyake ukuta kwa ukuta nikapata 9. Nunua 10, kwa sababu kona moja ikikatwa vibaya kipande hicho kimekwenda.

Fito kuu, ambazo madukani huitwa meni tii, zilale kwa urefu wa chumba ili zikatize mbao za kenchi, zikiachana mita 1.2. Zikae mita 1.1, 2.3, 3.5 na 4.7 kutoka ukuta mmoja: mistari minne. Kila mstari una mita 7.4 na fito moja ina mita 3.6, hivyo fito mbili zinapungukiwa sentimita 20. Hapa wengi hukosea. Huwezi kuchomeka kipande chochote cha mabaki, kwa sababu ulimi wa kuungia uko kwenye ncha mbili za fito tu. Ukikata katikati, upande uliokatwa hauna cha kushika. Fito moja ya ziada itakupa ncha mbili, basi kwa mistari minne unahitaji 2 za ziada. Jumla ni 10.

Krosi tii za mita 1.2 hupita kati ya meni tii kila sentimita 60, kwenye mistari 12. Nafasi tatu kamili zinataka 36, upande wa mita 1.1 unataka 12 za kukatwa kidogo, na upande wa sentimita 50 unataka 6 tu, kwa kuwa kila moja inatoa vipande viwili vyenye ulimi. Jumla 54. Krosi fupi za sentimita 60, zinazounganisha hizo ndefu, ziko kwenye mistari minne, kila mmoja vipande 13: jumla 52.

Mkadiriaji, Tanga

Hesabu ya Fundi nimeirudia kwa mchoro na inakubali. Naongeza yale ambayo "fremu kamili" huyaficha.

Waya wa kuning'inizia uwekwe kila mita 1.2, na wa kwanza usizidi nusu mita kutoka ukutani. Katika mita 7.4 zinaingia nyaya 7 kwa kila meni tii, yaani 28. Taa za paneli za 60 kwa 60 ziongezewe nyaya mbili kila moja. Mkiweka taa 6, nyaya zinakuwa 40. Kama dari itashuka sentimita 45, kata kila waya sentimita 80, kwa maana ncha zote mbili lazima zizungushwe mara tatu kwa kubana. Hizo ni mita 32 za waya wa zinki. Taa 6 vilevile huondoa bodi 6, zinabaki 111. Ongeza 6 za akiba, unarudi kwenye 117, na zote zinunuliwe siku moja. Mimi niliwahi kurudi dukani miezi minne baadaye kutafuta bodi tatu. Jina lilikuwa lilelile, weupe ukawa tofauti, na hadi leo bodi hizo tatu naziona kila ninapoingia.

Pangaboi lisining'inizwe kwenye fremu hata kidogo. Fimbo yake ipite kwenye bodi hadi mbao ya kenchi. Na kabla ya bodi hata moja kupandishwa, paa likaguliwe wakati wa mvua, kwa sababu bodi ya nyuzi za madini ikilowa hulegea katikati na hairudi.

Mtunza Hazina, Morogoro

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nilikwenda na fundi wa pili, ambaye sasa ndiye fundi wetu. Pembe kwa pembe tulipata mita 9.04 upande mmoja na mita 9.08 upande mwingine, na ukuta wa nyuma una upana wa mita 5.24 badala ya 5.2. Je, idadi zote zinabadilika?

Fundi wa Dari, Dar es Salaam

Hazibadiliki. Sentimita 4 zigawanywe pande mbili: ukanda wa pembeni utaanza na sentimita 50 mbele na kufika 52 nyuma, na krosi ya mita 1.2 bado inatosha nafasi ya mita 1.12. Kitakachobadilika ni kwamba kila bodi ya pembeni katika urefu wa chumba ipimwe mahali pake kabla ya kukatwa. Zisikatwe zote kwa kipimo kimoja. Mistari ifuate kamba iliyovutwa katikati ya chumba, usawa wa engo upimwe kwa mpira wa maji kona zote nne, na meni tii ya kwanza ikatwe ili tundu lake la kuchomekea krosi liangukie sentimita 40 kutoka ukutani. Dukani pima meni tii moja kabla ya kulipia, kwani zipo zinazozidi mita 3.6 kidogo, na matundu yake hayatalingana na bodi zako.

Mtunza Hazina, Morogoro

Nimeandika: bodi 117, engo 10, meni tii 10, krosi ndefu 54, krosi fupi 52, waya mita 32, pamoja na skrubu na plagi za engo. Naipeleka kwa mwenye duka kesho, na futi kamba nitakuwa nayo.