Kulungu wa Michigan na ndoo ya mahindi: marufuku ya chambo ibaki au iondoke?

Kibanda cha Baridi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hapa Michigan, Marekani, hufunguliwa Novemba 15 na kufungwa Novemba 30, na kila ikikaribia sisi Waswahili tunaowinda huku tunarudia ugomvi ule ule: mahindi ya chambo. Naomba safari hii tugombane kwa hoja.

Kwa wasiofahamu, jimbo hili limekatwa na maji vipande viwili, Rasi ya Chini na Rasi ya Juu. Tangu Januari 31, 2019, Rasi ya Chini yote ni marufuku kumwekea kulungu chakula, uwe unamvizia au unataka tu kumtazama kupitia dirisha la jikoni. Rasi ya Juu chambo bado kinaruhusiwa sehemu kubwa, ila kisizidi galoni 2, yaani kama lita 7 na nusu, na kitawanywe kwenye eneo lisilopungua futi 10 kwa 10.

Sababu ni ugonjwa unaojulikana kwa herufi CWD. Unakula ubongo wa kulungu. Mnyama anakonda, anadondosha udenda, anatembea ovyo hata binadamu hamkimbii, mwisho anakufa. Dawa hakuna, chanjo hakuna. Hausababishwi na bakteria wala virusi bali na protini iliyojikunja vibaya, inayoitwa prioni. Hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi, na ikishaingia udongoni inakaa miaka. Uligunduliwa Colorado mwaka 1967, kwa kulungu waliokuwa wakifugwa kwa utafiti. Kwa kulungu wa porini wa Michigan ulikutwa 2015, kaunti ya Ingham, pale pale jirani na Lansing, mji mkuu wa jimbo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: marufuku ibaki. Umemwaga mahindi chini, akaja jike na watoto wake, akaja dume wa upande wa pili wa barabara, wote wanachomeka pua mahali pamoja usiku kucha. Anachoacha mmoja mwingine anakilamba. Porini kulungu hung'ata jani hapa, tawi pale, huku anatembea. Sisi ndio tunaowakusanya.

Karibuni.

Chumvi Kali

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na bado nasema sheria hii ni ya wenye mashamba.

Nenda kituo chochote cha mafuta vijijini mwezi wa kumi. Utakuta magunia ya karoti, viazisukari na mahindi yamepangwa nje hadi dirishani, yameandikwa kabisa kwamba ni ya kulungu. Kuuza ruhusa, kununua ruhusa, kumwaga ndiyo kosa! Halafu jirani mwenye ekari 40 anapanda turnipu na klova, mimea ambayo kulungu wanaipenda, katikati ya msitu wake, anajenga kibanda cha kuvizia chenye hita, anakaa juu ya kiti kinachozunguka, kulungu wanakuja kula shamba hilo hadi theluji iwafike tumboni. Hilo halihesabiwi chambo, eti ni kilimo.

Mimi sina hata robo ekari. Nawinda ardhi ya umma pamoja na mamia ya watu wenye vizibao vya rangi ya machungwa. Ndoo moja ya mahindi ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Niambie kulungu kumi wakila kwenye turnipu za tajiri mate yao yanakwenda wapi.

Na jambo la pili. Mwaka 2008 walipiga marufuku chambo hapa Rasi ya Chini baada ya kumpata kulungu mmoja mgonjwa kwenye zizi la kufugia kaunti ya Kent. Mwaka 2011 wakaiondoa. 2019 wakairudisha. Mwisho wa mwaka huo huo wabunge wakapitisha muswada wa kuifuta, gavana Whitmer akaukataa. Sasa mtu wa kawaida aamini lipi?

Dereva wa Kaskazini

Naunga mkono mleta mada, ila kwa sababu nyingine kabisa ambayo naona hamjaigusa.

Nakaa Rasi ya Juu, naendesha lori. Huku baridi si mchezo. Ukifika Keweenaw theluji ya msimu mmoja kwa kawaida inapita mita 5. Kulungu wa huku ikifika Desemba wanahama, wanakusanyika kwenye vinamasi vyenye mierezi, wanakanyaga njia zao kwenye theluji na kuishi kwa kutafuna vitawi. Tumbo la kulungu ni kama la mbuzi, lina vijidudu vinavyosaga chakula, na wakati wa baridi vile vijidudu vinakuwa vimeshazoea miti. Sasa anakuja msamaria mwema mwezi wa kwanza, anamwaga gunia zima la mahindi makavu. Kulungu anashindilia. Wanga unachacha tumboni, tumbo linajaa asidi, na ndani ya siku chache anaanguka.

Ukimpasua unakuta tumbo limejaa punje na mafuta ya mgongoni bado yapo. Amekufa ameshiba. Hapo CWD haikuhusika hata kidogo.

Mjukuu wa Gacheri

Natoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na hakuna aliyekufa njaa. Nyie mko Marekani, maduka yamejaa nyama, mnaamka saa tisa usiku kukaa juu ya mti kwenye baridi ya kugandisha mate ili mumpige mnyama aliyekuja kula karoti. Kisha mnaita mjadala. Waacheni waishi.

Kibanda cha Baridi

@Mjukuu wa Gacheri dada/kaka, karibu. Hapa kulungu wakiachwa wanakufa barabarani. Michigan peke yake hutokea ajali zaidi ya 50,000 kwa mwaka za magari kugonga kulungu. Umeshawahi kuona kioo cha mbele kimepokea dume la kilo mia? Tena, Marekani tangu sheria ya 1937 kila bunduki na kila risasi inayouzwa inatozwa ushuru unaokwenda kuhifadhi wanyamapori. Kenya ilichagua njia yake na ina sababu zake, tembo na kulungu wa huku hawalingani hata kidogo.

@Dereva, hiyo ya tumbo ni nzito. Wanaoweka mahindi kwa huruma waisome mara mbili.

@Chumvi Kali nakuja kwako, hoja yako si ya kujibu kwa haraka.

Bukavu ya Zamani

Bandugu, miye niko Lansing, kwetu ni Bukavu. Muzee wa mada anasema kweli, lakini munasahau kitu moja. Muzungu akiua kulungu anakula paja na nyama ya mugongo, ingine anatupa. Siye tunakula kichwa. Tunakula ulimi, tunapika mifupa, bamoja banapenda na ubongo. Na ile ugonjwa inakaa wapi? Kwa ubongo, kwa uti wa mugongo, kwa macho, kwa bandama, kwa zile tezi za shingo. Kwa hiyo hatari ni ya kwetu zaidi kuliko ya bale.

Tulipeleka kichwa kupimwa, na kipande ya shingo juu yake, sababu banakata tezi humo. Nyama ikabakia ndani ya frigo, watoto banauliza kila siku tutakula lini. Nilibaambia mungoje. Matokeo ilikuja muzuri, tukakula. Lakini kichwa hatukuirudisha nyumbani, na mama yangu alikasirika kabisa.

Kibanda cha Baridi

Mama Bukavu (au Baba, samahani), shikamoo. Umesema jambo ambalo vipeperushi vya serikali havilisemi kwa lugha yetu. Hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitika kuupata ugonjwa huu, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyama ya mnyama aliyepatikana nao isiliwe, na kuipika hakuuondoi. Prioni haijali moto wa jikoni. Supu ya mifupa ya uti wa mgongo naomba tuiweke kando kwa mnyama ambaye hajapimwa, hasa waliopigwa Montcalm, Kent, Ingham na kaunti za jirani.

Bin Pwani

Assalaam alaykum. Mimi nauliza kwa upande wa halali. Tunasoma bismillahi wakati wa kufyatua, na ukimkuta mnyama bado ana uhai unamchinja. Sasa kulungu aliyetulia anakula, kichwa chini, ubavu wote wazi, unampiga nyuma ya bega, anakwenda hatua chache na kulala. Unafika na kisu kwa utulivu. Yule anayepita mbio kwenye vichaka unamjeruhi, anapotea kwenye theluji hadi kesho yake, na hapo mimi siwezi kumla na roho yangu ikatulia. Je, chambo hakimpunguzii mnyama mateso? Nahisi hoja hii ina uzito wake kwa Muislamu na asiye Muislamu.

Chumvi Kali

Sheikh umenisaidia. Ndiyo maana hata serikali yenyewe inawaruhusu chambo wawindaji walemavu kwenye misimu yao maalumu, wanaojua wanajua. Kwa hiyo mahindi yakiwa mbele ya mtu wa kiti cha magurudumu prioni zinakwenda likizo?

Kibanda cha Baridi

Nimerudi. Naanza na Bin Pwani. Wa alaykum salaam. Ungekuwa sahihi kama kulungu angekuja mchana. Saa za kupiga ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na dume lililokomaa hulichukua muda mfupi kujua kwamba pale penye mahindi pana harufu ya mtu. Linakuja saa nane usiku. Asubuhi unakuta nyayo, mavi na mahindi yamekwisha. Wanaokuja mchana ni watoto na majike. Kwa nyama hao wanatosha, sikatai. Lakini ule utulivu unaousema unaupata pia ukikaa kwenye njia yao kati ya malazi na malisho, upepo ukikupiga usoni, bunduki umeegemeza, na ukakubali kutompiga anayekimbia. Hilo la kumwacha anayekimbia liko mikononi mwako, mahindi yawepo yasiwepo.

Chumvi, sasa wewe. Kuhusu turnipu nakubaliana nawe nusu. Tofauti ipo: shamba la nusu ekari kulungu wanatawanyika, wanakula majani yaliyosimama, na halijazwi upya kila jioni pale pale. Rundo linajazwa, mate juu ya mate. Lakini usawa haupo, hapo umenishika. Mwenye ardhi amepewa njia ya kuwavuta kulungu na asiye na ardhi amenyang'anywa yake, kisha tunaambiwa sote tumebeba mzigo. Na hao walemavu ni wachache, siku zao chache, ndoo yao inapimwa. Serikali imepima hatari ndogo dhidi ya haki yao. Mimi naona ni sawa. Wewe unaona ni unafiki. Tutabaki hivyo.

Ninachokataa ni kuponya dhuluma ya ardhi kwa mahindi. Wanaotunga kanuni za uwindaji hapa ni Tume ya Maliasili, wajumbe wake huteuliwa na gavana na vikao vyake viko wazi, mwananchi anasema. Twende tukadai ardhi ya umma iongezwe karibu na miji, na waliopanda turnipu kwenye kaunti zenye ugonjwa nao wawekewe mipaka.

Chumvi Kali

Hilo la mwisho niandikie vizuri nami nitaweka jina langu. Lakini ukurasa wa pili wa barua hiyo ni wangu, na nitaandika galoni 2 ziruhusiwe kwenye kaunti ambazo ugonjwa haujaonekana, kama ilivyo Rasi ya Juu. Wakiuliza mbona barua moja ina watu wawili wasiokubaliana, waambie ndivyo tulivyo.

Dereva wa Kaskazini

Andikeni pia kuhusu mahindi ya Januari. Galoni 2 au nusu galoni, msimu wa baridi kali yasimwagwe popote, hata huku kwetu.

Bukavu ya Zamani

Na mubaombe ile karatasi ya kupima kichwa iwe na Kiswahili. Ya Kingereza mama yangu hataiamini.