Mjadala: Barrett wa The Servant ni mnyonge aliyelipiza, au ni jinamizi la matajiri?

Mleta mada
Wakuu, jana nimeirudia The Servant ya Joseph Losey, ya 1963. Kwa ambaye hajaiona: Tony, kijana wa ukoo wa kitajiri, anapata nyumba Chelsea, London, na kumwajiri Barrett ampikie na kumtunza. Taratibu mtumishi anamgeuza bosi kuwa mlevi asiyejiweza. Wengi wanasema ni filamu ya mnyonge kumwangusha bwanyenye. Nakataa. Hii ni hofu ya tajiri mwenyewe: ukimpa mtumishi nafasi, atakumaliza. Barrett kachorwa kama mtu wa uongo na hila tupu, hata mchumba wake Vera anamwingiza ndani kwa kudai ni dada yake. Na kumbukeni kitabu ilikotoka filamu hii alikiandika Robin Maugham, ambaye baba yake alikuwa Lord Chancellor, cheo kikubwa cha sheria Uingereza. Ungetegemea nini?

Mchangiaji wa 1
Mkuu, unahukumu filamu kwa kitabu. Losey alikuwa Mmarekani aliyekimbia Hollywood baada ya kuorodheshwa kama mkomunisti, na maneno ya filamu kayaandika Harold Pinter, mwandishi wa tamthilia. Angalia pale Susan, mchumba wa Tony, anapomuuliza Barrett kama anapaka dawa ya kwapa, kisha kama anadhani anaendana na rangi za nyumba. Rangi zenyewe kazichagua Barrett! Hapo kamera iko upande wa nani?

Halafu huyo Tony kaangushwa lini? Barrett anafika mara ya kwanza kuomba kazi, mlango uko wazi, bosi kalala kitini mchana kweupe. Kazi hana, ana porojo za kujenga miji Brazil. Alishaanguka zamani, Barrett kamkuta chini.

Mleta mada
Hapo kwenye kiti umenipata kidogo. Lakini Barrett akishashika nyumba anafanya nini nayo? Ulevi na wanawake. Kama ni mapinduzi, mbona hayana kesho?

Mchangiaji wa 2
Kwa sababu si mapinduzi. Rudieni ule mchezo wa mpira kwenye ngazi. Wanaume wazima wanarushiana mpira, na Barrett analalamika kwamba yuko chini, anacheza kupandisha mlima. Bosi yuko mkononi mwa Barrett tayari, ila ngazi ni ile ile na aliyeko chini bado ni yeye. Kwetu tulikuwa na dada wa kazi aliyejua kila funguo ilipo, mama mwenyewe akimuuliza. Siku ya mshahara ilikuwa inajulikana nani ni nani.

Mchangiaji wa 3
Mnabishana Barrett na Tony, Tony na Barrett. Vera je? Barrett anamtega kama chambo, Tony anamtumia, na akirudi kuomba pesa Barrett huyo huyo, mnyonge wenu, anamtoa nje. Nani kati yenu kamtaja zaidi ya mara moja?